Jibu: WhatsApp kwenye kishikwambi na kompyuta kwa namba ileile

Salaam, mkuu. Nimekuelewa kwamba kila ukiingiza namba yako kwenye kishikwambi, simu yako inatolewa, na kompyuta ya dukani Kariakoo nayo unaitaka isome meseji hizohizo.

Kwanza angalia tarehe na saa za vifaa vyote, kwa sababu kompyuta yenye saa iliyopotoka hukataa muunganisho salama hata kama bando lipo. Kisha acha kabisa kusajili namba upya, kwani usajili mpya huhamisha akaunti nzima kutoka kwenye simu. Unachohitaji wewe ni kuunganisha. Kwenye simu bonyeza nukta tatu za juu, fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, chagua kuunganisha kifaa, halafu elekeza kamera kwenye msimbo wa QR unaoonekana kwenye kishikwambi, au kwenye kompyuta ukifungua web.whatsapp.com. Kishikwambi kisicho na laini hakisumbui hapa, Wi-Fi inatosha.

Simu moja hubeba vifaa 4 vya ziada, navyo hufanya kazi hata simu ikizima chaji, ila usipoitumia simu kwa zaidi ya siku 14 vyote hutolewa. Mimi kompyuta inayoshikwa na watu wengi huiondoa kila jioni, tena kutoka kwenye simu yangu. Zile tarakimu 6 za kuthibitisha namba zinazokuja kwa meseji usimpe mtu, hata fundi.