Uvimbe si saratani, mbona hautolewi wote?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 9 alianza kuumwa kichwa, akaacha kurefuka, sasa haoni vizuri vitu vya pembeni. MRI imeonyesha kraniofaringioma. Tumeambiwa si saratani, lakini daktari wa upasuaji atatoa sehemu tu, kisha twende Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa mionzi. Kama si saratani, kwa nini asiutoe wote?
Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Swali lako limewagawa mabingwa kwa miaka mingi.

Uvimbe huu ni adimu. Hutokana na mabaki ya chembe zilizohusika kuunda tezi ya pituitari, inayoongoza homoni nyingi za mwili, mtoto akiwa tumboni. Hausambai mwilini. Tatizo ni mahali ulipokaa: juu ya pituitari, jirani na neva za macho, tena mara nyingi umeng'ang'ania haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza njaa, kiu na usingizi. Ukibanduliwa hapo kwa nguvu, mtoto anaweza kuamka na njaa isiyoshiba, akanenepa kupita kiasi, asiwe tena yule uliyemjua. Hakuna kidonge cha kumrudisha alivyokuwa. Kwa hiyo daktari wako anapobakiza kipande anamlinda mwanao, nami namuunga mkono.

Kipande hicho kikiachwa bila mionzi, mara nyingi huota tena. Mionzi hutolewa kidogo kidogo, kwa kawaida siku 5 kwa wiki kwa wiki 6 hivi. Jina la Ocean Road lisikutishe. Mionzi hutibu hata uvimbe usio saratani.

Pengine utasikia habari za vidonge. Ni kweli, mwaka 2023 utafiti wa Marekani ulionyesha uvimbe ukisinyaa sana kwa wagonjwa 15 kati ya 16, lakini ni aina inayowapata watu wazima, yenye hitilafu ya jeni iitwayo BRAF. Ya watoto karibu zote ni aina nyingine.

Ninalokusihi zaidi ni homoni. Apimwe kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa, kabla ya upasuaji, na ikiwa pungufu aanze hidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo lake, kabla ya dawa ya homoni ya thairoidi, kwani kinyume chake ni hatari. Akikojoa na kunywa maji mfululizo, sema mapema, ipo desmopresini, dawa ya kupunguza mkojo huo. Akishaanza hidrokotisoni, asiiache hata siku moja. Akipata homa dozi huongezwa, hivyo omba maelekezo kwa maandishi. Akitapika dawa, usingoje asubuhi: mwahishe hospitali achomwe sindano.