Mume ana hawara, nyumba ina jina lake

SWALI: Mume wangu ana hawara, nami nataka talaka. Nyumba tuliyojenga Morogoro imeandikwa jina lake tu. Nitapata kitu?

JIBU: Dada, ugoni husaidia kuthibitisha kuwa ndoa imevunjika, peke yake haumnyimi mtu nyumba. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hutazama mchango wa kila mmoja katika kupata mali, na tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua kesi ya Bi Hawa Mohamed, 1983, kazi za nyumbani ni mchango. Risiti za saruji na mabati zitunze hata hivyo.

Anzia baraza la usuluhishi la ndoa. Wengi hukwama hapa: cheti cha baraza kwamba limeshindwa kuwapatanisha kikipita miezi sita kabla ya kufungua shauri, hakifai tena.

Hawezi kuuza nyumba bila ridhaa yako. Kama ina hati, weka zuio kwa msajili wa hati mapema.