Kwa mnaoanza kazi kwenye makaa ya mawe: anzeni na mzani

Ndugu zangu mnaoingia katika ofisi za nishati na madini, mapema sana mtakabidhiwa takwimu za makaa ya mawe yaliyo ardhini, nanyi mtashawishika kuyaita usalama wa nishati. Nilifanya hivyo. Katika taarifa yangu ya kwanza niliandika tani zilizorundikwa mgodini bila kutaja unyevu, majivu yanayobaki wala kiwango cha joto yanachotoa yakiungua, na mkuu wangu akanirudishia karatasi akiniagiza niende mwenyewe mzanini. Ilikuwa masika. Lori lililopimwa mbele yangu lilibeba maji pamoja na makaa, na mnunuzi kiwandani aliukata uzito huo kwenye malipo. Tangu siku hiyo siandiki tani bila cheti cha maabara, na sampuli naichukua sehemu mbalimbali za rundo, si juu tu palipokaushwa na jua.

Nimeanza na mzani kwa kuwa hapo ndipo sera inapojulikana kama imefanya kazi. Mwaka 2016, Serikali ya Tanzania ilipozuia makaa ya mawe kutoka nje, viwanda vya saruji vilitakiwa kutegemea ya ndani, hasa ya mgodi wa Ngaka wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma. Nia ilikuwa njema, na bado naiunga mkono. Ila zuio haliongezi lori hata moja barabarani wala halipunguzi majivu. Mkiletewa rasimu ya aina hiyo, ulizeni kwanza mgodi unapakia tani ngapi siku za mvua.

Someni pia Sheria ya Madini ya 2010 na marekebisho ya 2017, yanayoipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16, bila kuzilipia, katika uchimbaji wa kati na mkubwa. Hisa hizo hazimpangii mchimbaji binafsi amuuzie nani. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, makaa ya Ruvuma yalipakiwa melini Mtwara kwenda ng'ambo. Fedha za kigeni tulizihitaji, na mchimbaji hakukosea kuuza penye bei. Lakini tukitaka kiasi fulani kibakie kwa viwanda vyetu, sharti hilo liandikwe kwenye mkataba kabla bei haijapanda, pamoja na ubora unaotakiwa na namna ya kukokotoa bei.

Umiliki wa umma peke yake nao hautoshi. Mgodi wa makaa wa Kiwira ulianza ukiwa wa umma, ukabinafsishwa mwaka 2005, kisha ukarudi serikalini chini ya STAMICO, yaani Shirika la Madini la Taifa, na mtambo mkubwa wa umeme uliokusudiwa pale ulibaki kwenye makaratasi kwa miaka mingi. Gridi yetu inategemea zaidi maji na gesi asilia. Makaa ya mawe yanalisha matanuri ya saruji.

Mkifika mgodini, ombeni kujua tarehe ya kila rundo. Makaa yaliyokaa muda mrefu bila kushindiliwa huingiwa na hewa, hupata joto yenyewe na kuanza kufuka moshi, na tani mlizoziandika kuwa akiba ya taifa huteketea nanyi mko ofisini.