Majina ya faili za wateja yanayochomoza kwenye aikoni ya Word

Kwenye steshenari za karibu na stendi ya Moshi, kama ilivyo kwenye ofisi nyingi za utalii za Sokoine Road, Arusha, mteja husimama mahali anapoiona skrini vizuri. Mhudumu akibofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya aikoni ya Word, pale kwenye mstari wa chini wa skrini, orodha inachomoza, ile ambayo Windows huiita Jump List: CV ya mtu wa asubuhi, barua ya talaka ya mtu wa jana, fomu ya mgeni anayepanda Kilimanjaro wiki ijayo. Printa haijamaliza kujipasha moto, mteja ameshasoma yote.

Wengi hukimbilia kuzima orodha nzima. Hapo unajikata mguu mwenyewe, kwa sababu ni orodha hiyo hiyo inayokuepusha kupitia folda tano kutafuta fomu unayoichapa mara kumi kwa siku. Anza na pini. Fungua orodha, peleka kipanya juu ya faili unayoitumia kila siku, bofya alama ya pini inayotokea kulia. Faili hiyo itapanda juu na haitasukumwa na za wateja. Pinia fomu tupu tu: kiolezo cha CV, ankara, ratiba ya safari isiyo na jina la mtu. Ukipinia iliyokwisha kujazwa, umemtundika mteja ukutani.

Jina moja likikukera, libofye kwa kitufe cha kulia ndani ya orodha hiyo hiyo, kisha chagua "Remove from this list". Faili yenyewe haiguswi, kwa sababu orodha inatunza njia ya kuifikia tu. Kinyume chake pia ni kweli: kufuta faili hakuondoi jina lake, linabaki pale likisomeka.

Flashi ndizo zenye balaa zaidi. Faili iliyofunguliwa kutoka flashi ya mteja inabaki kwenye orodha hata flashi ikishaondoka. Ukiibofya, Windows inasema haiipati na inauliza kama iondolewe, kubali. Lakini kama kuna flashi nyingine ambayo Windows imeipa herufi ile ile ya diski, tuseme E, na ndani yake kuna faili inayoitwa CV.docx (na nani hajaiita hivyo?), unaweza kujikuta umefungua CV ya mtu mwingine na kuichapa. Kwa kazi ya flashi, ingia kwenye flashi yenyewe, usipitie orodha.

Kufuta majina yote ya karibuni kwa mkupuo, ingia Settings, kisha Personalization, kisha Start. Kwenye Windows 10 tafuta swichi inayoanza na "Show recently opened items in Jump Lists". Kwenye Windows 11 inaanza na "Show recommended files in Start". Izime, kisha iwashe tena. Kwa duka linalohudumia watu wengi, kufanya hivyo kila jioni kabla ya kufunga kunatosha.

Halafu mtu anafungua Word na kukuta majina yote yako pale pale kwenye ukurasa wa kwanza. Hiyo ni orodha nyingine. Word na Excel zina kumbukumbu zao, na swichi ya Windows haizifikii. Ndani ya Word nenda File, Options, Advanced, shuka hadi sehemu ya Display, na pale palipoandikwa "Show this number of Recent Documents" weka 0. Rudia kwenye Excel. Vivinjari navyo vina mambo yao: orodha ya Chrome inafuata historia yake, kwa hiyo safisha historia, Firefox unaandika about:config kwenye sehemu ya anwani, unatafuta browser.taskbar.lists.enabled na kuigeuza iwe false.

Sasa orodha iliyoganda. Unafungua faili mpya, hazionekani. Au orodha ni tupu kabisa ingawa swichi imewashwa. Kila programu ina faili yake ndogo ya kumbukumbu, na ile ikiharibika, kwa mfano umeme ukikatika wakati inaandikwa, orodha inakwama. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika

%AppData%\Microsoft\Windows\Recent\AutomaticDestinations

kisha Enter. Andika njia nzima, maana ukiingia kwenye folda ya Recent kwa kubofya hutaiona folda hii. Utakuta faili zenye majina ya herufi na tarakimu 16 yasiyosomeka. Mafundi wengi huzifuta zote, na hapo ndipo pini zako za miaka miwili zinapopotea kwa sekunde moja, pamoja na folda ulizopinia upande wa kushoto wa File Explorer. Za Explorer zimo kwenye f01b4d95cf55d32a. Hiyo iache kama haina kosa. Zilizobaki, zihamishe moja moja kwenda folda nyingine, usizifute. Kila ukihamisha moja, fungua na funga waraka katika programu yenye tatizo, uangalie orodha. Ikikataa, irudishe uliyohamisha, ujaribu inayofuata. Ni kazi ya dakika kumi na pini za programu nyingine zinabaki salama.

Orodha inayochelewa kufunguka, angalia kwanza kama umepinia faili iliyoko kwenye kompyuta nyingine ya ofisi. Ile ya mapokezi ikiwa imezimwa, yako inaisubiri.

Ofisi yenye watu watatu kwenye kompyuta moja ifungue akaunti tatu za Windows. Kumbukumbu hizi zinakaa ndani ya akaunti ya mtumiaji, kwa hiyo anayeandaa mikataba na anayechapa kazi za wateja hawataonana. Na ukinunua kompyuta ya mtumba, usiridhike na kusafisha orodha ya mwenye nayo wa zamani. Fungua akaunti mpya, hakikisha ina mamlaka ya msimamizi, kisha ufute ile ya kwanza pamoja na mafaili yake.