Muulize Fundi: Injini ya marehemu baba haina spea

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba alituachia mashua ya mbao yenye injini ya dizeli ya silinda nne, imepakwa rangi nyekundu. Kibati cha jina kimeliwa na kutu, hakisomeki. Oili inavuja nyuma, upande wa giaboksi, na pampu ya maji ya bahari inadondosha maji. Muuza spea mmoja ameniambia injini hii haitengenezwi tena, niitupe ninunue mpya. Nilipokwangua rangi kwenye bloku nimeona 108U ikifuatiwa na tarakimu nyingine. Nifanyeje?
– Mrithi wa mashua

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Injini usiitupe. Hiyo 108U uliyoikwangua imekwisha kukuambia ukoo wake: ni Perkins 4.108. Nne ni silinda, 108 ni inchi za ujazo, yaani kama lita 1.76. Ilitoka kwa kampuni aliyoianzisha Frank Perkins mwaka 1932 huko Peterborough, Uingereza.

Rangi nyekundu isikubabaishe. Injini nyingi za mashua hazikuzaliwa baharini. Kampuni ya vyombo vya majini hununua injini tupu ya nchi kavu, huifunga manifoldi (bomba la kukusanya moshi) inayopozwa kwa maji, kipozaji (chombo ambamo maji ya bahari hupoza maji ya injini), pampu ya maji ya chumvi na giaboksi, kisha huipaka rangi yake na kuipa jina lake. Westerbeke wa Marekani walifanya hivyo kwa Perkins, na nyekundu ni rangi yao, basi huenda yako ilipitia mikononi mwao. Beta na Nanni huchukua Kubota, Vetus wamechukua Mitsubishi, na Lehman walitumia Ford. Injini kama yako, kwa ndani, ilitembea barabarani kwenye magari ya Bedford CF, na hata kwenye Alfa Romeo Giulia ya dizeli ya mwaka 1976.

Kwa hiyo unapokwenda dukani, usiulize spea za “injini ya boti nyekundu”. Uliza pistoni, ringi, vali, beringi za krenkshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) na gasketi za Perkins 4.108, na umpe muuzaji namba nzima kama ilivyogongwa, bila kuruka herufi. Nasisitiza kwa sababu 4.108 ina ndugu yake, 4.107, na ukiwatazama kwa nje hutawatofautisha. Slivu, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, za 4.107 ni za maji: maji ya kupoza yanazigusa zenyewe. Za 4.108 ni kavu, zimekazwa ndani ya chuma cha bloku. Mimi niliwahi kumwagizia mteja slivu za ndugu asiye wake, kwa kuamini maneno badala ya kusoma namba. Mashua ikakaa juu ya magogo msimu mzima na yule bwana hana kazi. Bado naumia nikiikumbuka ile mashua.

Sasa oili ya nyuma. Sili, yaani kizuia mvujo, ya nyuma ya 4.108 ya asili ni ya kamba, imelazwa ndani ya nyumba ya vipande viwili inayokumbatia krenkshafti. Ni sehemu inayojulikana kwa kuvuja. Lakini kabla hujashusha giaboksi, washa injini na ufungue kifuniko cha oili. Kama moshi unapuliza kwa nguvu, ringi (pete za pistoni zinazozuia moshi usishuke) zimechoka, na presha iliyomo ndani ndiyo inayosukuma oili itoke nyuma. Angalia pia bomba la kupumulia lisiwe limeziba. Ukibadilisha sili peke yake huku presha ipo, itavuja tena.

Pampu ya maji ya bahari ni habari nyingine, kwa sababu hiyo ni ya upande wa baharini na Perkins wa nchi kavu hana. Tafuta namba kwenye mwili wa pampu yenyewe: aghlabu mtengenezaji wake ni mwingine kabisa, kama Jabsco, Johnson au Sherwood. Namba ikiwa imefutika, ifungue uweke vipande mezani. Beringi imeandikwa ubavuni: ikisomeka 6203, basi ni tundu milimita 17, upana wa nje 40, unene 12, popote duniani, na duka lolote la beringi litakupa. Sili nayo ina vipimo vyake vitatu vimechapwa kwenye mpira. Mapanga ya mpira pima kipenyo, urefu, na unene wa shafti, kisha hesabu mapanga.

Kitakachokusumbua kweli ni manifoldi na kile kiwiko ambamo maji hukutana na moshi. Hivyo havipatikani kwenye gari wala trekta. Vifungue mapema uvichunguze kwa tochi ungali na muda wa kutafuta vingine, na kijiti cha zinki kwenye kipozaji, ambacho huliwa na kutu badala ya chuma chako, kikibaki nusu, kibadilishe.

SWALI: Fundi, injini yangu inapozwa moja kwa moja na maji ya bahari, haina kipozaji. Themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, imekufa. Naweza kuweka ya trekta lenye injini ya ukoo uleule?

JIBU: Hapana, hata kama inaingia vizuri. Ya trekta hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Maji ya chumvi yakifika joto hilo huacha ukoko kwenye njia za ndani ya bloku, na njia zikiziba injini inaungua. Zinazopozwa kwa maji ya bahari huwekewa themostati ya nyuzi 55 hadi 60 hivi. Isugue ile ya zamani kwa brashi, utaona digrii zake zimegongwa kwenye bati.