Kwa unayeanza kurusha mpira kwa kasi kwenye kriketi: soma kwanza mgongo wa Shane Bond

Kila msimu wanakuja vijana wapya kwenye neti za mazoezi, na karibu wote wanataka kurusha kwa kasi. Sawa, mpira unaopita sikioni mwa mpigaji una raha yake. Ila kabla hujaanza kuulizia kilomita kwa saa, tafuta rekodi za Shane Bond, mrushaji wa New Zealand, uzisome taratibu.

Bond alikuwa polisi kabla ya kuitwa timu ya taifa. Mechi yake ya kwanza ya Test (mechi ndefu ya kimataifa, hadi siku tano) aliicheza Hobart, Novemba 2001, dhidi ya Australia, akiwa na miaka 26. Test ya mwisho ilikuwa Novemba 2009. Ndani ya miaka hiyo minane alicheza Test 18 tu, akachukua wiketi 87 (yaani wapigaji aliowatoa) kwa wastani wa mbio 22.09 kwa kila wiketi. Mechi za siku moja 82, wiketi 147. Wastani huo ni wa warushaji wakubwa kabisa wa dunia, lakini idadi ya mechi ni ya mtu aliyekuwa akionekana na kupotea.

Wakenya wanalikumbuka Kombe la Dunia la 2003 kwa sababu nyingine: New Zealand walikataa kwenda Nairobi wakihofia usalama, Kenya wakapewa pointi, na mwishowe wakafika nusu fainali. Machi mwaka huo, Port Elizabeth, Bond aliwatoa Waaustralia sita kwa mbio 23, wakiwemo Gilchrist, Hayden na Ponting. Australia walikuwa na mbio 84, wapigaji saba wameshatolewa. Waaustralia wengine, Bevan na Bichel, wakaja kuokoa jahazi, ikafika 208, New Zealand nao wakaishia 112. Unachukua sita kwa 23 na bado timu inafungwa! Zoea mapema, kazi hii ina siku kama hizo.

Miezi michache baadaye mgongo wake ukagoma. Mfupa wa mgongo wa chini ulikuwa na ufa, akafanyiwa upasuaji, ukafungwa kwa titani, na Test iliyofuata kwake ilikuwa Agosti 2005, Zimbabwe. Zaidi ya miaka miwili.

Kwa nini mgongo? Mguu wa mbele unapotua, ardhi inakurudishia nguvu mara kadhaa ya uzito wako, mara tano na hata zaidi. Dakika hiyo hiyo kiuno kimepinda pembeni na kuelekea nyuma, nyonga zimeshageuka na mabega bado yanafuata. Kama unarusha kwa mkono wa kulia, kwa kawaida zinazobanwa ni pingili za chini upande wa kushoto. Ufa huu hauji kwa pigo moja. Mfupa huchoka polepole, ukaanza kuvimba kwa ndani, na katika hatua hiyo eksirei haioni kitu. Kijana anaambiwa picha yake ni safi, anarudi uwanjani kwa furaha, baada ya mwezi hawezi hata kujinyoosha akitoka kitandani. MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, ndiyo huona mapema, na najua bei yake, kwa hiyo usisubiri mpaka uhitaji kwenda huko.

Jichunguze hivi: simama kwa mguu mmoja, kisha jipinde nyuma taratibu. Ukisikia maumivu ya upande mmoja, mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole, acha kurusha siku hiyo na umwambie kocha. Usipohisi kitu haina maana uko salama moja kwa moja. Ila maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja si yale ya misuli iliyochoka, ambayo huenea mgongo mzima na kuisha baada ya siku mbili.

Sasa nunua daftari. Andika tarehe, mipira uliyorusha kwa kasi kamili, na ulivyojisikia kesho yake. Mipira ya neti inahesabiwa. Ya timu ya shule inahesabiwa, ya klabu pia, na zile mechi za mtaani ambazo kocha hazijui, hasa hizo. Jumlisha kila mwisho wa wiki. Kama kwa wiki nne umekuwa ukirusha mipira kama 100 kwa wiki, halafu wiki hii ikawa 200, hapo umejiweka pabaya, na watafiti waliowafuatilia warushaji wa Australia waliona kuwa majeraha huongezeka wiki inayofuata. Kwa hiyo unaweza kumaliza mashindano ukiwa mzima kabisa, ukavunjika wakati wenzako wameshasahau kombe.

Ninayoiogopa kuliko zote ni wiki ya kwanza baada ya mitihani. Kijana amekaa na vitabu miezi miwili hajagusa mpira, anarudi na hamu, na nahodha anampa ova kumi (ova moja ni mipira sita) Jumamosi na kumi Jumapili. Simlaumu nahodha sana, anataka kushinda. Atakutumia mpaka uishe kwa sababu daftari lako hajaliona. Mwonyeshe.

Bond mwenyewe, aliyekuja kuwa kocha wa warushaji wa klabu ya India, Mumbai Indians, akiwa na mrushaji Jasprit Bumrah, alilisema jambo hili hili kwa upande wa wakubwa. Mechi ya T20, ile fupi ya ova 20 kwa kila timu, inakupa mipira 24. Siku moja ya Test inaweza kukudai 120, na kesho yake uamkie tena. Kuruka kutoka huku kwenda kule bila wiki za kujenga ni hatari hata kwa Bumrah, ambaye naye alifanyiwa upasuaji wa mgongo New Zealand mwaka 2023. Nasikia vijana wakiuzungumzia upasuaji huo kana kwamba ni kubadilisha kipuri. Bond baada ya wake aliendelea kuumia sehemu nyingine. Test yake ya mwisho, Dunedin, alichukua wiketi nane dhidi ya Pakistan, misuli ya tumbo ikachanika, na huo ukawa mwisho wake katika Test.

Umri nao ni jambo. Pat Cummins, mrushaji wa Australia, alichukua wiketi sita kwa mbio 79 kwenye Test yake ya kwanza Johannesburg mwaka 2011, akiwa na miaka 18. Majeraha yakamweka nje, na Test yake ya pili ikawa Ranchi, India, Machi 2017. Mifupa ya mgongo wa kijana bado inakomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na hakuna mazoezi yanayoiharakisha. Cummins alisubiri, akaja kuwa nahodha na kuinua Kombe la Dunia 2023.

Ukiambiwa upumzike, usimeze diklofenaki, dawa ya maumivu, ukaenda kurusha kwa siri. Piga, daka, jenga miguu na tumbo. Fizio, yaani mtaalamu wa viungo, akikuruhusu, anza kwa kurusha ukiwa umesimama, kisha hatua chache, kisha nusu ya mbio za kuelekea kurusha, mipira michache na siku ya kupumzika katikati. Kasi kamili ni ya mwisho kurudi, na mechi zije baada ya wiki kadhaa za kasi kamili kwenye neti.