Mishipa ya moyo iliyojipinda hupimwaje?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 63 na ameishi na shinikizo la juu la damu kwa muda mrefu. Siku hizi akipanda mlima kidogo tu hubanwa na kifua, akipumzika hupata nafuu. Alipigwa picha ya mishipa ya moyo, na ripoti ikasema haijaziba ila “imejipinda sana”. Kujipinda huko hupimwaje, na je, ndio ugonjwa wenyewe?
Msomaji, Kisasa, Dodoma

JIBU: Marahaba. Katika kipimo hicho, mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa mkono au wa kinena hadi kwenye moyo, kisha ateri, yaani mishipa inayoupelekea moyo damu, hujazwa dawa inayoonekana kwa eksirei. Baadhi ya madaktari huhesabu kona: ateri yenye kona tatu au zaidi, kila moja ikigeuka kwa nyuzi 45 au zaidi, huandikwa kuwa imejipinda. Wengine hawaihesabu kona isiyofikia nyuzi 90, na ndiyo maana mgonjwa mmoja anaweza kupewa majibu mawili.

Wengine hupima urefu. Laza uzi juu ya picha ukifuata kila pindo la mshipa, kisha uunyooshe kwenye rula. Ukipata sentimita 12, na kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mstari mnyoofu ni sentimita 10, gawanya 12 kwa 10, kipimo ni 1.2. Mimi siiamini sana namba hiyo ikiwa peke yake, kwa sababu pindo moja pana na kona nyingi za ghafla zinaweza kutoa jibu lile lile, ilhali dereva yeyote wa Iringa anayepitia Mtera anajua kwamba kinachomchelewesha pale mlima Nyang’oro ni kona, si kilomita. Isitoshe, picha ni bapa, na kona inayoelekea kwenye mashine hufichika, hivyo mshipa hupigwa picha kutoka pande kadhaa.

Kujipinda si kuziba. Umri na presha hudhoofisha unyumbufu wa ateri, nayo hurefuka ilhali nafasi yake juu ya moyo ni ile ile, basi hujikunja. Hali hii huonekana zaidi kwa wanawake na wazee. Hata hivyo, damu ikipita kwenye kona nyingi hupoteza msukumo, na moyo unapofanya kazi kubwa huenda misuli ya mbali isipate ya kutosha. Maumivu ya mama yasipuuzwe, basi, kwa kuwa tu hakuna kizibo. Mishipa midogo isiyoonekana kwenye picha hiyo nayo inaweza kuwa chanzo.

Hakuna dawa ya kuinyoosha. Presha idhibitiwe kila siku, na mnaporudi kliniki mchukue picha zenyewe pamoja na ripoti, mumuulize daktari amehesabu kona kwa kigezo gani. Maumivu yakimjia akiwa amepumzika, au yakiambatana na jasho jingi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.